Wanyama wa Mbuga ya Nairobi Wakati wa Kipupwe



Mtu akaaye Nairobi mwezi wa Julai hana haja ya kuambiwa kwamba baridi imefika. Asubuhi mawingu yamelala juu ya mapaa ya nyumba, manyunyu yasiyo mvua wala ukungu yanalowesha nguo zilizoanikwa, na mama mwenye kuuza uji kando ya barabara hapati nafasi ya kupumzika. Wengi hufikiri kwamba siku kama hizo si siku za kwenda kutazama wanyama. Husema, Nani atatoka pangoni katika baridi hii? Basi hungoja jua la Januari, kisha huenda mbugani wakakuta majani marefu na wanyama wametawanyika, wakarudi nyumbani wakinung'unika kwamba wameona twiga wawili na mbuni mmoja.

Wanaoijua mbuga hawafanyi hivyo. Kwao miezi ya Julai na Agosti ni miezi ya kujifunza, na maneno haya yataeleza kwa nini.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa rasmi tarehe 16 Desemba 1946, nayo ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza katika Kenya. Eneo lake ni kilomita za mraba 117 tu, na toka katikati ya mji mpaka kwenye lango lake ni mwendo wa kilomita saba hivi. Mtu aweza kuona kifaru akila vichaka, na nyuma ya mgongo wa kifaru akaona majumba marefu ya mji. Nchi hii i karibu sana na mstari wa Ikweta, na mgeni huuliza baridi yatoka wapi. Jibu ni mambo mawili. Kwanza, mbuga iko juu, kati ya mita 1,500 na 1,760 toka usawa wa bahari. Pili, katika miezi hiyo jua limekwenda upande wa kaskazini, nao upepo wa kusi waleta mawingu yaliyo chini, yakafunika anga mpaka saa sita mchana au hata kutwa nzima. Usiku joto hushuka mara nyingi mpaka digrii 11 hivi. Watu wa pwani huita majira hayo kipupwe, na ingawa kipupwe cha Mombasa ni cha kupendeza na cha Nairobi ni cha kutia meno kugongana, neno ni lile lile.

Sasa, yafaa kufahamu kwamba baridi haiwapati wanyama wote kwa namna moja. Mjusi hana joto lake mwenyewe. Joto lake ni la jua. Kwa hiyo asubuhi yenye mawingu miamba ambayo mwezi wa Februari imejaa mijusi yenye vichwa vyekundu huwa mitupu kabisa. Mijusi imo ndani ya nyufa, imeganda, yangoja. Nyoka naye ni hivyo hivyo. Jua likitokea saa tano, baada ya dakika chache vichwa vinaanza kuchungulia. Pimbi, ambaye ni mnyama mwenye damu ya joto, naye hutoka kuota jua juu ya mwamba pamoja na jamaa zake wote, wamebanana kama watu katika basi, kwa sababu mwili wake haushiki joto vizuri kama miili ya wanyama wengine. Kuna na ndege wadogo wa rangi ya kijivu wenye mikia mirefu, waitwao kuzumburu. Hao hushikamana matawini kifua kwa kifua, kisha jua likichomoza hulielekezea matumbo yao. Asiyejua hudhani ni ndege wagonjwa.

Tumbusi ana shida nyingine. Yeye ni mzito, na hawezi kuzunguka angani kwa kupiga mabawa kutwa. Hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Katika asubuhi ya baridi hewa hiyo haipo. Basi mwenye kuona mti umejaa tumbusi waliojikunyata saa tatu asubuhi asidhani kwamba lazima pana mzoga chini yake. Huenda wanangoja tu jua, kama abiria wanavyongoja gari. Lakini akiona saa sita wanashuka mmoja mmoja mahali pamoja, miguu imeninginia, hapo asimamishe gari atazame kwa makini.

Na simba? Simba hapendi majani yaliyolowa umande. Kwa hiyo asubuhi za baridi huyaacha majani akaja kulala barabarani, penye udongo mtupu na mkavu. Dereva anayetoka mapema, wakati lango linapofunguliwa, ana bahati kubwa kuliko yule anayekuja baada ya chakula cha mchana. Simba hupisha gari akitaka mwenyewe. Si adabu wala si akili kumpigia honi.

Lakini sababu kubwa ya kwenda wakati huu si baridi yenyewe, bali ni ukavu unaokuja pamoja nayo. Mvua ya masika huisha mwezi wa Mei au mwanzo wa Juni. Wakati wa mvua wanyama wengi walao majani hutoka mbugani wakaenda kusini, kwenye nyanda za Kitengela na Kaputiei, ambako majani ni mafupi na matamu na maji yamejaa katika kila kishimo. Mvua ikikoma, vishimo hukauka. Ndani ya mbuga, hata hivyo, yamo mabwawa yaliyochimbwa na mito isiyokauka upesi. Basi kadiri siku za kipupwe zinavyopita, punda milia, nyumbu, kongoni na pofu hurudi kaskazini, wakavuka mto wa Mbagathi na kuingia tena mbugani. Na simba, wanaofuata nyama yao kama mchuuzi anavyofuata soko, hurudi pamoja nao. Mtu akikaa kimya saa mbili karibu na bwawa la Athi katika mwezi wa Agosti ataona mengi kuliko mtu aliyeendesha gari kutwa nzima akikimbia huku na huku.

Hapo bwawani yafaa kuangalia namna wanyama wanavyogawana chakula, maana hawagombani kama mtu awezavyo kudhani. Majani baada ya masika ni marefu, yenye mashina magumu. Punda milia hula hayo. Yeye hacheui, chakula chapita upesi tumboni mwake, na kwa kuwa hala kwa kuchagua, hula kingi. Akiisha kuyapunguza yale marefu, nyumbu hupata majani ya katikati, naye hula kisha akalala akacheua. Mwisho huja swala tomi, mwenye kinywa chembamba, akachuma machipukizi yaliyo karibu na ardhi ambayo wakubwa wake wamemfungulia. Ng'ombe na mbuzi wa mfugaji hufanya karibu vivyo hivyo, na mzee yeyote wa Kajiado aweza kueleza jambo hili pasipo kitabu.

Twiga hashughuliki na majani ya chini. Kuna mti mfupi wa miiba unaoota kwa wingi katika udongo mweusi wa mbuga, wenye vinundu vyeusi kama mipira midogo. Ndani ya vinundu hivyo hukaa chungu, ambao wametoboa vitundu vya kupitia. Upepo wa Julai ukivuma juu ya vitundu, mti hupiga mluzi. Twiga akianza kula, chungu hutoka kwa hasira wakamng'ata ulimi na pua, naye baada ya kitambo huhamia mti mwingine. Mti umewapa chungu nyumba na chakula, nao chungu ni askari wa mti. Watoto wa shule hupenda sana kusimama karibu na mti huo palipo na ruhusa ya kushuka, wausikilize.

Ardhi kavu yenye vumbi ni kitabu kizuri kuliko matope. Asubuhi, kabla magari hayajapita, barabara imeandikwa habari zote za usiku. Unyayo wa simba ni mkubwa, wa mviringo, nao hauna alama za kucha, kwa kuwa simba huficha kucha zake atembeapo. Unyayo wa fisi una kucha, na miguu yake ya mbele ni mikubwa kuliko ya nyuma. Wengi wanakosea kwa duma: ni jamii ya paka, lakini kucha zake hazifichiki zote, kwa hiyo huonekana udongoni. Mavi nayo husema kweli. Mavi ya fisi yakikauka huwa meupe kama chokaa, kwa sababu ya mifupa aliyoitafuna. Kifaru mweusi hula matawi, na katika mavi yake huonekana vipande vya vijiti vilivyokatwa kwa mshazari, kama vimekatwa kwa kisu. Baada ya kunya huyapiga teke kwa miguu ya nyuma akayatawanya. Kifaru mweupe hula majani ya chini, na mavi yake ni majani matupu. Si mazungumzo ya mezani, lakini askari wa wanyama mwenye kujua hayo hujua ni kifaru yupi alipita kabla hajamwona.

Liko jambo moja la elimu lililofanywa katika mbuga hii ambalo watu wa Nairobi wachache wanalijua. Simba wote, kwa macho ya mgeni, ni sawa. Lakini ukimtazama simba kwa darubini mdomoni, utaona kwamba sharubu zake zimeota katika safu, na kwenye mzizi wa kila sharubu pana doa jeusi. Madoa ya safu ya juu ni machache, nayo hayakupangwa namna moja kwa simba wawili. Hata upande wa kulia wa uso si sawa na wa kushoto. Bibi Judith Rudnai, aliyekaa miaka akiwachunguza simba wa Nairobi, pamoja na mwenzake Pennycuick, walieleza njia hiyo katika maandishi ya mwaka 1970, na tangu hapo imetumika mahali pengi Afrika. Hata leo mtu mwenye darubini, daftari na saburi aweza kuwatambua simba mmoja mmoja kama mwalimu anavyowatambua wanafunzi wake. Wala haimpasi kumkaribia simba. Zaidi ya hayo, asubuhi ya baridi, simba akiwa amelala barabarani kinywa wazi kwa miayo, ndiyo saa njema ya kazi hiyo.

Mbuni nao wana mambo yao katika miezi hii mikavu. Dume hubadilika rangi, shingo na mapaja yakawa mekundu kama nyama mbichi, akanguruma kwa sauti ambayo wengi wamedhani ni ya simba wa mbali. Huchimba kishimo kifupi udongoni, na majike kadha wa kadha hutaga ndani yake. Hata hivyo ni jike mmoja tu, mke mkubwa, anayeatamia pamoja na dume. Usiku hulalia dume, ambaye ni mweusi na gizani haonekani. Mchana hulalia jike, ambaye ni wa rangi ya udongo. Yai moja lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na mayai yakizidi yale wanayoweza kufunika, mke mkubwa huyasukuma nje. Ajabu ni kwamba huyatambua yake mwenyewe na kuyaweka katikati; ya wenzake ndiyo yanayosukumwa ukingoni, yakaliwa na fisi na bweha. Hayo yalipatikana kwa uchunguzi mrefu katika Tsavo. Mwenye wake wengi huenda akacheka kidogo akisikia.

Mbuga hii haikupatikana kwa urahisi, wala haikupatikana bila mtu kuumia. Katika miaka ya 1930 Bwana Mervyn Cowie, aliyezaliwa Nairobi, aliona wanyama wanapungua na watu hawajali. Akafanya hila. Aliandika barua gazetini kwa jina la kubuni, kama mzee mlowezi mwenye hasira, akitaka wanyama wote wauawe. Wasomaji walighadhibika, wakaandika barua nyingi za kupinga, na kelele hizo ndizo alizozitaka. Vita vya pili vya dunia vilichelewesha shauri mpaka mwaka 1946. Lakini nchi hiyo ilikuwa malisho ya Wamaasai, nao waliondolewa ili mbuga ipatikane. Ng'ombe na nyumbu walikuwa wamelisha pamoja hapo kwa vizazi vingi, na wenye ng'ombe hawakuwa wao walioandika barua gazetini. Ni haki jambo hilo kusemwa, maana linahusu tatizo lililopo mpaka leo.

Tatizo ni hili. Upande wa kaskazini, wa mashariki na wa magharibi mbuga ina ua wa waya. Upande wa kusini ni mto tu, na ng'ambo ya mto ni mashamba ya watu. Wanyama wanaorudi wakati wa kipupwe hawana njia nyingine ila kupita katika mashamba hayo. Zamani palikuwa wazi; sasa ardhi imegawanywa, vipande vimeuzwa, kuta za mawe na nyaya zimesimama, barabara na viwanda vimeongezeka. Reli mpya kati ya Nairobi na Naivasha, iliyofunguliwa mwaka 2019, yapita juu ya mbuga kwa daraja refu lenye nguzo, wanyama wakapita chini yake. Nyumbu waliokuwa wakirudi kwa maelfu katika miaka ya 1970 wamekuwa wachache sana. Mwenye ardhi si mwenye kulaumiwa upesi. Ana watoto wa kusomesha, na ekari moja karibu na mji ina thamani ambayo baba yake hakuiota. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba wa Kitengela dola nne za Marekani kwa ekari kila mwaka, kwa ahadi kwamba hawataweka ua wala kuuza, ila wanyama wapite. Fedha zililipwa wakati wa karo za shule. Familia nyingi zilipokea, na sehemu ya nchi ikabaki wazi. Lakini fedha za kukodi zikipimwa na bei ya kiwanja, mizani haikai sawa.

Kisha wako simba. Simba avukaye mto usiku hajui mpaka, na ng'ombe aliyelala zizini ni rahisi kuliko punda milia. Kila aliyepoteza ng'ombe asubuhi anajua uchungu wake, na zamani jibu lilikuwa mkuki au sumu. Yuko kijana wa upande huo wa kusini, Richard Turere, aliyepewa akiwa mtoto kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake. Simba walikuja, wakaua. Akajaribu moto, moto uliwasaidia simba kuona. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza walikimbia, siku ya pili wakaona haisogei, wakaingia. Usiku mmoja alikuwa akizunguka zizi na tochi mkononi, na simba hawakuja. Ndipo alipotambua kwamba wanaogopa taa inayotembea. Alikuwa na umri wa miaka 11 hivi. Alichukua betri ya zamani ya gari, kioo cha kunasa nguvu ya jua, na kile kidude kinachowasha na kuzima taa za pikipiki igeukapo, akafunga taa ndogo kuzunguka zizi ziwake kwa zamu kama kwamba mtu anatembea. Simba wakaacha zizi hilo. Jirani wakamwomba awafungie na wao. Mwaka 2013 aliitwa Marekani kueleza kazi yake mbele ya hadhira kubwa. Wataalamu wenye vyeti walikuwa wamelitazama jambo hilo miaka mingi. Aliyelitatua ni mtoto aliyekaa macho katika usiku wa baridi akaangalia simba anafanya nini.

Kuna mahali mbugani ambapo kila mgeni huonyeshwa majivu. Hapo, tarehe 18 Julai 1989, Rais Daniel arap Moi alitia moto tani 12 za pembe za ndovu, ili dunia ijue kwamba Kenya haitaki biashara hiyo. Tarehe 30 Aprili 2016 zilichomwa nyingine, tani 105, wakati wa Rais Uhuru Kenyatta. Ndovu wenyewe hawaishi huru katika mbuga hii ndogo, ila watoto yatima wanaolelewa pembeni mwake. Kifaru ndiye mwenye bahati hapa. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 400. Mbuga ya Nairobi ilifanywa mahali pa kuwahifadhi, na kutoka hapa wengine wamepelekwa kuanzisha makazi mapya.

Kwa shule, mambo si magumu kama wazazi wengine wanavyofikiri. Vilabu vya Wanyama Pori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe, na mwalimu mwenye kutaka kuanzisha kilabu aweza kuwauliza. Mtoto avae sweta na koti, achukue daftari na penseli, maana kalamu ya wino huleta taabu vidole vikiwa na baridi. Asishuke garini ila pale palipoandikwa, kama penye mabwawa ya viboko, ambako askari mwenye bunduki huwatembeza watu kando ya mto. Katika siku za baridi kiboko hutoka majini akaota jua ufukoni, jambo ambalo katika joto halifanyi mara nyingi, na mamba hulala karibu yake kinywa wazi. Wala mtoto asiulizwe jioni ameona wanyama wangapi. Aulizwe aliona mnyama mmoja akifanya nini, kwa muda gani, na kwa nini adhani alifanya hivyo.

Kipupwe huisha Septemba ikianza. Mawingu hupanda, jua hukaza, na majani yaliyobaki huwa ya rangi ya simba, hata simba mwenyewe akapotea machoni ukiwa mita kumi tu. Oktoba huja ndege kutoka Ulaya, mbayuwayu na korongo weupe, wakikimbia baridi ya kwao ambayo yapita sana hii ya Nairobi. Kisha mvua za vuli hunyesha, vishimo vya Kitengela hujaa, na usiku mmoja, pasipo mtu kuwaambia, nyumbu waliosalia huanza kushuka tena kuelekea mtoni.